Haidrojeni Haikungoja

Ufa ule niliuona Jumatatu asubuhi, kabla ya saa mbili, nikiwa nimepiga magoti juu ya sitaha ya tishari lililofungwa gatini Kilindini, Mombasa. Alhamisi iliyotangulia, jioni, nililipima sikio lile lile la kunyanyulia, yaani bamba lenye tundu la kupitishia kulabu, kwa sumaku na unga wa chuma, nikalipitia upande kwa upande, nikaliona safi na kutia sahihi. Sasa, kando ya mshono wa kuchomelea, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, mrefu kama kiganja changu, nao ulikuwa umeingia ndani ya bamba lenyewe.

Hakuna kitu kilichonyanyuliwa kwa sikio lile tangu Alhamisi.

Nilikata kipande. Nilitumia grainda kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na nilikata kwa haraka kwa sababu msimamizi wa kandarasi alisimama nyuma yangu akitazama saa. Ukingo wa chuma uligeuka rangi ya samawati kwa joto. Kipande nilikitia katika mfuko wa plastiki, mfuko nikauweka kwenye droo ya meza yangu Shimanzi, na humo kikakaa siku tisa hadi karatasi za malipo zilipokamilika. Kisha kikatiwa ndani ya bahasha, kikasafirishwa ng'ambo hadi kwenye maabara yenye mashine ya kupima oksijeni, nitrojeni na haidrojeni zilizomo ndani ya metali.

Nimeyaeleza haya mapema ili msomaji ayaone. Mimi mwenyewe niliyaona baada ya wiki sita.

Mistari mitatu

Majibu yalikuja kwa ukurasa mmoja. Oksijeni, sehemu 350 kwa milioni. Nitrojeni, 90. Haidrojeni, 0.8.

Sehemu moja kwa milioni ni sawa na gramu moja ndani ya tani nzima ya chuma. Kwa oksijeni na nitrojeni, gramu kadhaa huku au huko si habari kubwa katika mshono wa kawaida. Kwa haidrojeni, katika chuma kigumu na kinene kama kile, gramu chache kwa tani zinatosha kukipasua. Ndiyo maana wote tuliokuwa mezani siku ile tulikimbilia mstari wa tatu, tukaona 0.8, tukapumua.

Niliandika katika ripoti yangu: "Kiwango cha haidrojeni ni kidogo, haidrojeni haikuwa chanzo cha ufa."

Maneno kumi. Kutokana na maneno hayo kumi, wenye kandarasi walifuata hoja yao hadi mwisho: ikiwa haidrojeni ni kidogo, basi vijiti vya kuchomelea havikuwa na unyevu, ikiwa vijiti ni vizima na bamba ni zima, basi kosa ni la mkono. Fundi aliyechomelea sikio lile, mzee wa Likoni ambaye ameshika kazi hiyo tangu kabla sijaanza shule, aliambiwa asirudi.

Chuma kinavyosemeshwa

Naiheshimu sana mashine ile, na sitaki mtu asome makala haya akadhani kwamba ilitudanganya. Kipande cha chuma, cha gramu moja hivi, husuguliwa kwa tupa hadi ngozi yake ya kutu iondoke, kwa kuwa kutu ni oksijeni na ingehesabiwa pamoja na iliyomo ndani. Huoshwa kwa asetoni, hukaushwa, na tangu hapo hakishikwi kwa vidole, maana hata mafuta ya ngozi yana haidrojeni yake. Kikombe kidogo cha grafiti hupashwa moto kikiwa kitupu ili kwanza kitoe gesi zake chenyewe. Kisha chuma hudondoshwa ndani, umeme mkali hupitishwa katika kikombe hicho, na joto hupanda kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa muda mfupi mno. Chuma huyeyuka, na kila kilichokuwa kimejificha hutoka.

Oksijeni hukutana na kaboni ya kikombe na kutoka ikiwa kaboni monoksidi, ambayo hupimwa kwa kiasi cha mwanga wa infraredi inachokimeza. Nitrojeni hutoka ikiwa yenyewe, nayo hutambulikana kwa uvivu wake wa kubeba joto: gesi ya heliamu inayoisukuma hubeba joto upesi, nitrojeni hubeba polepole, na waya wenye moto uliowekwa njiani huhisi tofauti hiyo. Haidrojeni hubeba joto karibu sawa na heliamu, hata ikipita ndani yake ni vigumu kuiona. Kwa hiyo mara nyingi husukumwa kwa arigoni, au hugeuzwa kuwa mvuke wa maji ikapimwa kwa mwanga. Nimelipenda jambo hili tangu nilipolisoma kwa mara ya kwanza, kwamba kuonekana kwa gesi kunategemea imetembea na nani.

Njia hiyo hiyo hupima vitu vingi kuliko chuma cha meli. Titani, ambayo haikubali kuachia gesi zake kwa urahisi, hudondoshwa pamoja na nikeli ili iyeyuke vizuri. Na aloi yake inayotumika sana, yenye asilimia sita ya alumini na nne ya vanadi, hairuhusiwi kupita asilimia 0.20 ya oksijeni wala asilimia 0.015 ya haidrojeni. Unga wa seramiki hufungwa ndani ya kijaluba cha bati au nikeli ndipo ukaingizwa kikombeni. Kabla ya sampuli ya mteja, hupimwa vipande vya marejeo ambavyo kiasi chake kinajulikana, ili mashine isahihishwe.

Maabara ile ilifanya yote hayo. Nambari zake zilikuwa za kweli.

Kilichonikosesha usingizi

Ufa wenyewe haukukubaliana na karatasi.

Mkono mbaya wa fundi huacha alama zake papo hapo: matundu ya hewa, mavi ya chuma yaliyonaswa, mshono usioshikana na bamba. Hayo ningeyaona Alhamisi, au angalau dalili zake. Ufa huu ulikuja baadaye, chuma kikiwa kimepoa na kutulia. Haukupita katikati ya mshono. Ulipita kando yake, ndani ya ukanda wa bamba ulioungua na kuwa mgumu bila kuyeyuka. Bamba lilikuwa nene, la chuma chenye nguvu kubwa, lililobanwa kila upande lisiweze kujinyoosha. Kuchelewa, mahali, ugumu, mkazo: kila aliyefundishwa kazi hii anajua ni nani anayetembea na sahaba hao.

Wahandisi wa daraja la San Francisco na Oakland nchini Marekani wanamjua. Mwezi Machi 2013 walikaza fito ndefu za chuma chenye nguvu kubwa, 96 kwa jumla, na katika siku chache zilizofuata 32 kati yake zikakatika mahali zilipo. Hazikukatika wakati wa kukazwa. Zilikatika baadaye, na uchunguzi ukaelekeza kwenye haidrojeni.

Mimi nilikuwa na nambari 0.8 mkononi na macho yangu yakiniambia jambo jingine, na kwa wiki nyingi nilichagua nambari. Nilijiambia kwamba macho huzoea kuona yanachokijua, na kwamba kupima kuliletwa ili kutuokoa na mazoea hayo. Bado naamini hivyo. Lakini kila nilipovuka feri na kuona matishari yamejipanga, maneno yale kumi yalirudi.

Swali la mpimaji

Mwishowe nilipiga simu maabara. Nilitaka kuuliza jambo la kitaalamu, kuhusu ukubwa wa kosa linaloweza kuwamo katika nambari ndogo kama 0.8. Mwanamke aliyepima sampuli yetu alinisikiliza kwa upole hadi nikamaliza, kisha badala ya kunijibu akaniuliza kipande kilikuwa wapi kabla hakijawafikia.

Nikamweleza. Grainda. Mfuko. Droo. Bahasha.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba oksijeni na nitrojeni walizopima ni zetu, lakini haidrojeni waliyopima ni ile tu iliyobaki.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata.

Oksijeni ndani ya mshono imefungwa. Imeshikana na silikoni, manganizi na wenzao katika chembe ndogo za oksidi, na haiwezi kwenda popote hadi chuma kiyeyushwe. Nitrojeni nayo, katika joto la kawaida, haina miguu. Haidrojeni ni ndogo mno, na hupenya katikati ya atomu za chuma hata katika joto la chumba, bila ya moto wala tundu. Ndani ya bamba nene huchukua muda mrefu kutoka, na kabla ya kutoka hujikusanya mahali penye mkazo, hapo ndipo inapopasua. Katika kipande chenye unene wa kalamu, sehemu yake kubwa huondoka kwa siku chache. Na kikichomwa na jiwe la grainda hadi kikawa samawati, huanza kukimbia kwa dakika.

Kwa hiyo nilianza kuifukuza wakati ule ule nilipodhani ninaikamata. Iliyosalia ikatoka ndani ya droo yangu, katika joto la Shimanzi, huku nikingoja sahihi ya mhasibu.

Kipande kilipaswa kukatwa polepole kwa maji ya kupoza, kitumbukizwe katika maji ya barafu, kisha kihifadhiwe ndani ya barafu kavu, ambayo ni nyuzi 78 chini ya sifuri, au ndani ya nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, hadi dakika ya kupimwa. Haya yameandikwa. Nilikuwa nimeyasoma chuoni, katika sura iliyohusu jambo jingine, na sikuyafikiria tena.

Lilikuwamo na kosa langu la pili, ambalo mpimaji hakuwa na sababu ya kulijua. Kwa chuma cha aina ile, ukaguzi wa mwisho husubiri saa 48 baada ya kuchomelea, kwa ajili ya nyufa hizi hizi zinazochelewa. Mimi nilikagua Alhamisi jioni mshono uliokamilika Alhamisi mchana, kwa kuwa niliambiwa tishari lina haraka.

Chumvi ya Mombasa

Kila nyumba ya mji huu inajua chumvi inavyoloa ndani ya kikopo wakati wa masika, hata mtu akatia punje za mchele ili iweze kumwagika. Vijiti vya kuchomelea vya aina ya E7018 vina koti la chokaa na floraiti lililogandishwa kwa silikati, nalo hunywa unyevu wa hewa kama chumvi inavyofanya. Maji yaliyomo ndani ya koti yakifika kwenye moto wa umeme huvunjika, na haidrojeni yake huingia katika chuma kilichoyeyuka. Vijiti hivyo vinasifiwa kwa uhaba wa haidrojeni, na sifa hiyo ni ya kweli siku pakiti inapofunguliwa. Baada ya hapo ni lazima vitunzwe katika tanuri dogo lenye moto, na vikishaloa vikaushwe upya kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili.

Fundi alikuwa amelisema hili. Siku ya pili ya kazi aliniambia, nikiwa napita na daftari langu: "Mwanangu, rodi hizi zimelala wazi. Zimekunywa." Pakiti ilikuwa ndani ya kontena, mdomo wazi, katika mwezi wa mvua, tanuri la kukaushia lilikuwapo, na soketi yake ilikuwa imechukuliwa na feni. Nilimwambia nitalifikisha. Nililifikisha kwa mdomo, sikuliandika.

Kwake Likoni ana friji bovu alilolitia balbu ndani, na humo ndimo anamoweka rodi zake mwenyewe. Mafundi wengi wa pwani wanalo friji la namna hiyo. Nasema kwa uangalifu kwamba balbu haiwezi kukausha kijiti kilicholoa. Joto lake ni dogo mno. Inachoweza ni kukichelewesha kikavu kisiloe. Lakini mtu aliyetengeneza friji lile alikuwa ameelewa adui ni nani, na mimi niliyeelewa kwa vitabu nilikuwa nimeweka ushahidi kwenye droo.

Glisarini

Kipande cha kwanza kilikuwa kimekwisha, na ufa wenyewe ulikuwa umechongwa na kuchomelewa upya na mtu mwingine. Sikuweza kumrudisha shahidi aliyeondoka. Nilichoweza ni kuuliza vijiti, kwa kuwa pakiti ile ilikuwa bado ndani ya kontena na mdomo wake ulikuwa bado wazi.

Ipo njia ya zamani isiyohitaji mashine. Mshono mdogo huchomelewa juu ya kipande cha chuma, huzamishwa katika maji ya barafu sekunde chache baadaye ili haidrojeni isipate kutoroka, hupigwa brashi, kisha huwekwa ndani ya glisarini yenye joto la nyuzi 45, chini ya bomba la kioo lililojazwa glisarini hiyo hiyo na kupinduliwa. Gesi inayotoka katika chuma hupanda na kukusanyika juu ya bomba. Glisarini nilinunua duka la dawa. Barafu nilipata kwa wauza samaki. Bomba nililiazima kwa rafiki anayefundisha kemia.

Nilichomelea vipande viwili. Cha kwanza kwa kijiti kama kilivyotoka katika pakiti ile. Cha pili kwa kijiti cha pakiti hiyo hiyo kilichokaushwa kwa nyuzi 350 kwa saa mbili.

Kwa dakika za mwanzo hakikutokea kitu. Kisha juu ya kipande cha kwanza, pembeni mwa mshono, likajitokeza povu dogo kama kichwa cha sindano. Likakua, likang'oka, likapanda. Likafuata jingine mahali pale pale, kisha mengine kando yake, na usiku kucha yalikuwa yakipanda polepole katika uzito wa glisarini, kutoka ndani ya chuma kigumu kisicho na tundu hata moja. Kipande cha pili kilitoa machache sana, na kikanyamaza mapema.

Mwaka 1875 Mwingereza William H. Johnson aliieleza Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba waya wa chuma uliotiwa katika asidi huwa dhaifu na kuvunjika, kwamba nguvu zake hurudi ukiachwa ukae, na kwamba ukivunjwa na kuloweshwa, mapovu huonekana yakitoka mahali ulipovunjikia. Nilikuwa nimeijua habari hiyo kama historia. Usiku ule niliiona kwa macho yangu, na nilielewa pia lile neno la katikati ambalo sikuwahi kulitilia maanani: nguvu hurudi ukiachwa ukae. Kukaa huko ndiko kulikosafisha kipande changu.

Sitaki kulipa jaribio lile uzito lisiokuwa nao. Glisarini hubakisha sehemu ya gesi ndani yake, hivyo hesabu yake ni pungufu na haiwezi kulinganishwa na nambari ya mashine. Haikunipa kiasi cha haidrojeni kilichokuwamo katika sikio la tishari; hakuna atakayekijua kamwe. Ilinipa tofauti ya vijiti viwili vya pakiti moja, basi. Kwa kazi itakayofuata nimekwisha kuzungumza na daktari wa mifugo anayefanya uhamilishaji wa ng'ombe huko bara kidogo, ambaye ana mtungi wa nitrojeni kimiminika wa kuhifadhia mbegu, na amekubali kuniachia nafasi ndani yake.

Mstari wa katikati

Baada ya glisarini niliutoa tena ule ukurasa mmoja, na safari hii niliusoma kuanzia juu.

Nitrojeni, 90.

Fundi mwenye mkono mbaya huacha kijiti kiwe mbali na chuma. Moto unapokuwa mrefu, ngao ya gesi inayotoka katika koti hupasuka, hewa huingia, na robo tatu na zaidi ya hewa ni nitrojeni. Mshono huimeza, nambari hupanda, mara nyingi pamoja na matundu. Sehemu 90 kwa milioni ni nambari ya mtu aliyeushika moto mfupi na thabiti tangu mwanzo wa mshono hadi mwisho, katika upepo wa kusi, akiwa amelala ubavu juu ya sitaha. Oksijeni ya 350 nayo ni ya kawaida kwa vijiti vya koti la aina ile.

Gesi mbili zisizoweza kuondoka zilikuwa zimekaa kwenye karatasi wiki sita zikimtetea, na ripoti yangu haikuzitaja hata kwa neno moja.

Niliandika barua ya kuifuta ripoti ya kwanza. Nilieleza grainda, droo na siku tisa. Nilieleza kwamba nambari ya haidrojeni haifai kutumika kuthibitisha wala kukanusha chochote. Niliambatisha picha za glisarini, na nikaweka nitrojeni katika aya yake peke yake. Nilitaja pia ukaguzi uliofanywa kabla ya saa 48, kwa jina langu. Barua imepokelewa kwa muhuri. Hadi ninapoandika haijajibiwa.

Likoni

Nakala moja niliichukua mwenyewe, nikavuka feri jioni.

Nilimkuta barazani, miwani ya kusomea imefungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, na kwamba jambo lenyewe limo ndani ya karatasi hii. Hakuipokea karatasi. Aliniambia nikae kwanza, akaagiza chai, akaniuliza habari za mama yangu, ambaye anamjua. Kisha akasema: "Haya, soma."

Nilisoma yote, polepole, nikifasiri palipokuwa na istilahi. Aliposikia juu ya friji lake alitikisa kichwa. Aliposikia juu ya rodi na mapovu hakuonyesha mshangao wowote. Nilipofika kwenye aya ya nitrojeni, nikaeleza kwamba ukubwa wake unategemea umbali wa kijiti na chuma, na kwamba mashine ya ng'ambo imeupima mkono wake bila ya kumjua, aliweka kikombe chini.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Mzee, ni sehemu tisini tu kwa milioni," nikaongeza.

"Nimesikia, mwanangu. Rudia tena, na mama watoto naye asikie." Akageuka kuelekea mlangoni, akamwita.